Bi Hodi na Koti Lililong'aa

Baada ya kuitumikia makumbusho yetu kwa miaka thelathini na nne na miezi mitatu, mchunguzi mkuu wa mavazi ya kale, ambaye sote tunamwita Bi Hodi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike ukurasa wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Mimi ni fundi wa kushona na kukarabati nguo za kale, meza yangu imetazamana na yake kwa miaka ishirini na mbili, na yale ninayoyajua hayachangamshi yote. Anayetaka kucheka tu asome aya chache za mwanzo, kisha aende zake akanywe chai.

Bi Hodi aliingia hapa akiwa karani wa stoo. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za vitu kwenye daftari, basi. Mwezi wake wa tatu kazini akamwandikia bosi wake kijibarua kwamba lile koti la rubani lililokuwa limewekwa ukumbini nyuma ya kioo, fahari ya nyumba nzima, mkono wake wa kushoto ulikuwa wa koti jingine. Aliambiwa ashike daftari lake. Akashika, lakini kila alipopita ukumbini aliguna kwa sauti, hata wageni wakaanza kuuliza huyu dada ana nini. Mwishowe koti likatolewa, mshono wa begani ukafumuliwa, na ndani ikaonekana wazi kuwa mkono mmoja ulikuwa wa ngozi ya farasi na mwingine wa mbuzi. Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba cha uchunguzi, kile kilicho chini ya ngazi, chenye dirisha moja na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Hajatoka humo mpaka leo.

Jina la Bi Hodi lina sababu yake. Dada huyu hajawahi kuingiza mkono kwenye mfuko wa nguo ya kale bila kupiga hodi. Si kwa utani. Anainama, anasema hodi, anangoja kidogo, ndipo anaingiza vidole viwili taratibu. Alisema mfuko ni chumba cha mtu, na mwenyewe kutokuwepo si ruhusa ya kuingia. Humo ametoa tiketi za basi, vifungo, pipi iliyogeuka jiwe, na mara moja barua ya mapenzi aliyoisoma mstari wa kwanza tu, akaikunja na kuandika kwenye ripoti: "Ya faragha." Wafanyakazi wapya humcheka siku ya kwanza. Ikifika siku ya tano nao wanapiga hodi. Mkurugenzi wetu mwenyewe alikutwa akiupigia hodi mfuko wa koti lake alipokuwa akitafuta miwani, na hilo hawezi kulikana kwa kuwa tulikuwa watu wanne.

Makoti ya ngozi ya marubani ndiyo yaliyompa sifa, kwa sababu ndiyo yanayoghushiwa kuliko nguo nyingine yoyote. Kila mtu anataka koti lililopanda ndege vitani. Kila koti Bi Hodi alianza kulichunguza akiwa amefumba macho. Alilipima uzito kwa mkono, akalinusa kwapani, akapitisha kidole gumba kwenye zipu kutoka chini hadi juu. Ndipo akafumbua macho na kuchukua lenzi. Ngozi iliyovaliwa na mtu, alitufundisha, huchakaa pale mtu anapojikunja, yaani viwikoni, shingoni na mfukoni anapoingiza mkono wa kulia. Ngozi iliyochakazwa na msasa huchakaa kila mahali sawasawa, na hakuna binadamu anayejikunja kila mahali sawasawa. Mfanyabiashara mmoja alileta koti la shujaa, kalipaka chai ya rangi ili lionekane la zamani. Bi Hodi alilinusa, akamuuliza kwa upole kabisa kama huyo shujaa alikuwa anaweka na sukari. Bwana yule alichukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Ugomvi wake na dada wa usafi kuhusu marashi ya kupulizia chumbani ulidumu miaka sita. Siendi mbali zaidi, wote wawili watakuwepo ukumbini Ijumaa kwenye hafla ya kumuaga.

Kwa hesabu ya daftari, amechunguza mavazi zaidi ya mia tisa, na kati yake makoti ya marubani mia mbili na kumi na mawili. Ndiye aliyetunga fomu ya maswali ishirini na sita anayojaza kila anayeleta nguo kuthibitishwa. Makumbusho nyingine zimeiomba na zinaitumia. Amewafundisha wachunguzi wanne, na wote wanne wana tabia ya kunusa vitu hadharani bila aibu.

Hapo ningeweza kumaliza, na mhariri angefurahi. Lakini Bi Hodi mwenyewe aliniambia nisithubutu kuandika habari zake nikaliacha koti namba mia moja arobaini na nane. Akasema nikiliacha, yeye atasimama ukumbini alisimulie mwenyewe, na mimi najua hataweza kufika mwisho. Kwa hiyo nalisimulia mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita, Jumanne asubuhi, alikuja mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na koti la rubani ndani ya mfuko wa karatasi. Nitamwita Mwalimu. Hakuwa anataka kuliuza. Alitaka karatasi yenye mhuri wetu. Tangu utotoni mama yake alimwambia kwamba baba yake alikuwa rubani wa ndege ya vita. Asubuhi moja yenye joto, Mwalimu akiwa bado tumboni, baba aliliacha koti lake kwenye kiti, akaenda kuruka, na hakurudi tena. Baadaye mama aliolewa na mwanamume mwingine akazaa watoto wa kiume, na hao wadogo zake Mwalimu walimpa jina: mtoto wa koti. Kila ukoo ulipokutana lilikuwa hilo hilo. Walisema mama yao aliokota koti kwenye lundo la nguo kuukuu ili kufunika aibu yake. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na minane, ana wajukuu, na bado jina lile lilikuwa linamkata maini. Alitaka kuiweka karatasi yetu mezani mbele ya wadogo zake, wasome, wanyamaze.

Alikuja na mama yake. Bibi huyo aliketi kwenye benchi la koridoni, mkoba mweusi mapajani, kauzungushia mikono yote miwili. Mwalimu alikuwa amemwomba akae kimya, awaachie wataalamu. Nilipopita kuchemsha maji alinisalimia, na mimi nikamwamkia. Kisha akaniambia, kwa ile sauti ya mtu anayepokea wageni nyumbani kwake, kwamba koti amelifua vizuri, nisihofu, halitamtia mtu kinyaa. Nikacheka. Nikamwambia, ahsante, bibi yangu, na nikaenda kuchemsha maji.

Mwezi ule tulikuwa na taa mpya. Ni taa ya mwanga wa zambarau, unazima nyingine zote, unaielekeza kwenye nguo. Kijitabu chake kilieleza kwa herufi nzito kuwa uzi wa pamba wa zamani hubaki mweusi, na uzi wa kisasa hung'aa kwa weupe wa samawati. Tulikuwa tumeisubiri miaka mitatu na tuliipenda kama watoto. Tulikuwa tunamulika kila kitu, hadi sandwichi.

Bi Hodi alilichunguza lile koti kwa desturi yake. Daftari lake la siku ile ninalo hapa. Ngozi ya farasi, ya kweli. Harufu, sahihi. Zipu, ya wakati wake. Viwiko, vya mtu. Akapiga hodi mfukoni, hamna kitu. Kisha tukazima taa, tukawasha ile mpya, na bitana yote, kile kitambaa cha pamba cha ndani, ikawaka. Lebo ikawaka. Nyuzi za mishono ya ndani zikawaka, nyeupe, zinapendeza kutazama.  Bi Hodi aliligusa tena gizani, na najua vidole vyake vilimwambia jambo moja na taa ikamwambia jingine. Akasema kwa unyonge kwamba vidole vinazeeka, taa haizeeki. Kwenye ripoti akaandika kuwa koti ni nakala, limeshonwa miaka mingi baada ya vita. Ripoti za aina hiyo hutakiwa kuwa na sahihi mbili. Ya pili ni yangu.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Hakulia wala hakubisha. Aliikunja karatasi, akatoka koridoni, na nilimsikia mama yake akiuliza, "Wamesemaje, mwanangu?" Sikusikia jibu. Waliondoka mmoja mbele, mwingine nyuma.

Ikapita miaka mitatu. Siku moja begi la lenzi la Bi Hodi lilichanika, kesho yake akazileta lenzi zake zimefungwa ndani ya foronya ya nyumbani. Foronya hiyo ilidariziwa na bibi yake mzaa mama, kabla Bi Hodi hajazaliwa, na yeye aliitumia na kuifua kila wiki. Aliiweka mezani. Taa ya zambarau ilikuwa imewashwa kwa kazi nyingine, na foronya ikawaka. Maua yake yote, majani yake, uzi kwa uzi, meupe ya samawati. Nilidhani ameshikwa na ugonjwa jinsi alivyoitazama. Akanyoosha kidole, akasema neno moja: "Sabuni."

Sabuni ya unga tunayofulia sote ina dawa ya kung'arisha nguo. Dawa hiyo hunata kwenye pamba na ndiyo inayowaka chini ya taa. Pamba ikiwa ya jana au ya miaka sabini, ukiifua tu, itawaka. Kijitabu hakikusema. Nami pale pale nikamkumbuka bibi wa benchini. Nikamweleza Bi Hodi alichoniambia siku ile na jinsi nilivyocheka. Nilitarajia anifokee, na ningeshukuru. Alinitazama, akasema, "Mdogo wangu, sahihi zilikuwa mbili, basi tutatafuta wawili."

Simu ya Mwalimu haikupatikana. Shuleni alikuwa ameshastaafu. Kwenye fomu kulibaki anwani moja tu, sanduku la posta, na lilikuwa la mama yake. Bi Hodi akaandika barua ya kwanza. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Kwa karibu miaka minane aliandika barua mbili kila mwaka, yeye akiandika barua na mimi nikiandika bahasha. Katika miaka hiyo alikataa nishani moja na safari mbili za nje, akisema bado ana kazi haijaisha. Watu walidhani ni maringo. Alipopangiwa tarehe ya kustaafu, alianza kuhesabu si siku zilizobaki bali barua zilizobaki. Hofu yake ilikuwa moja tu, aondoke hapa na yule mwanamke bado anaamini kwamba mama yake alimdanganya.

Novemba iliyopita posta walihamia jengo jipya na kuwataka watu wote wakaondoe vilivyomo kwenye masanduku ya zamani. Mwalimu alikwenda na ufunguo wa mama yake. Akakuta barua kumi na tano zenye mwandiko wangu. Alizisoma zote pale pale kaunta, amesimama, kama alivyosoma ripoti yetu. Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni petu, mzee sasa, mfuko ule ule wa karatasi mkononi. Alikuwa ameshika pia ule mkoba mweusi.

Alitueleza taratibu, bila ukali, na ingekuwa nafuu kama angekuwa na ukali. Siku ile ya ripoti alihama nyumbani kwa mama yake. Alimwambia maneno ambayo hakututajia. Kwa miaka miwili hakumsemesha. Mama akafariki, mwaka mmoja kabla ya ile foronya. Tukajua hapo kwamba hata barua yetu ya kwanza ilikuwa imemkosa. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi tuliyamwaga kwa mihuri.

Kisha akatusimulia habari ya kufua, na hapo ndipo Bi Hodi alipovua miwani. Kila mwaka, siku ile aliyoruka rubani, mama yake aliligeuza koti ndani nje, akaisugua bitana kwa mswaki na sabuni ya unga, lebo, mishono, kila kitu, kisha akalianika kivulini. Hakuacha hata mwaka mmoja. Alisema mwenyewe akirudi asikute limechafuka.

Mwalimu akafungua mkoba. Ndani, kwenye leso, kulikuwa na utepe wa ngozi wa urefu wa kidole, wenye jina la rubani lililogongwa kwa dhahabu iliyofifia. Mama aliufumua kifuani mwa koti alipoolewa, ili mumewe asione jina lile kila siku, na akaubeba mkobani mpaka kufa. Mwalimu aliukuta baada ya mazishi, akadhani ni sehemu ya uongo ule ule. Nilikaa chini. Siku ile ya ripoti mkoba huo ulikuwa koridoni, hatua sita kutoka kwenye meza yetu. Tulikuwa na maswali ishirini na sita kuhusu koti na hata moja kuhusu aliyelitunza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tumewafundisha watoto wetu msemo huo, kisha tukavaa makoti meupe tukausahau.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, ya sindano. Tulizima taa, zote, na ile ya zambarau pia. Bi Hodi akalaza tochi ubavuni mwa koti, upande wa kushoto kifuani, na matundu madogo yakaonekana, safu nne, katika umbo la utepe. Niliyahesabu arobaini na mawili. Kwenye utepe nilihesabu arobaini na mawili. Nikauweka juu yake na kuanza kupitisha sindano tundu kwa tundu, bila kusukuma. Zilipita zote. Tundu la kumi na tisa lilikuwa limekwenda upande kidogo, fundi wa zamani alikosea pale, na kwenye utepe nalo lilikuwa limekwenda upande ule ule. Niliposema "arobaini na mbili" nilijifanya nakohoa.

Ripoti mpya ina ukurasa mmoja. Bi Hodi aliiandika kwa mkono. Inasema koti ni halisi, ni la rubani aliyetajwa kwenye utepe, na kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa la wachunguzi na si la familia. Chini kabisa aliongeza sentensi ambayo hakuna fomu inayoidai: "Mama wa mleta koti alisema kweli." Tukatia sahihi zetu mbili. Mwalimu aliisoma, safari hii ameketi, na ndipo alipolia. Alilia kwa muda mrefu, akimwita mama yake, na Bi Hodi alimshika mikono na kulia naye, na mimi nikaenda kusimama koridoni karibu na lile benchi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Wadogo zake wameisoma karatasi. Yule mkubwa, tumeambiwa, amekwenda kaburini kwa mama yake peke yake. Lakini sitawadanganya kwamba mambo yamekaa sawa. Miaka miwili ya ukimya iko pale pale, na aliyestahili kuombwa radhi hayupo. Bi Hodi haamini kwamba amesamehewa na sitaki kumlazimisha aamini. Alichofanya ni kuongeza swali kwenye fomu yake, na akalifanya la kwanza, hivyo sasa ni ishirini na saba. Linauliza ni nani amekuwa akiitunza nguo hii, na anaitunza vipi. Wachunguzi wake wanne wameapishwa kutoka hadi koridoni na kumuuliza kila aliyeketi kwenye benchi.

Mwezi uliopita Mwalimu alipiga simu. Alikuwa na swali la kitaalamu, alisema. Tarehe ile ya mwaka inakaribia, ile ya kuruka, na mama hayupo wa kulifua koti. Je, alifue yeye? Sasa, kila mtu katika nyumba hii anajua Bi Hodi hujibu vipi. Kwa miaka thelathini na nne ameonya, ameandika mabango na amegombana na majenerali wastaafu, neno lake likiwa moja: nguo ya kale haifuliwi. Maji huilegeza pamba, sabuni huila, kila kufua ni kuifupishia maisha. Bango lake liko ukutani mpaka leo, herufi nyekundu. Nilimwona akilitazama, simu sikioni. Kisha akageukia dirishani na kumjibu.

"Lifue, dada. Tumia mswaki, na ulianike kivulini."

Bi Hodi, dada yangu, wenzako wote wa nyumba hii wanakushukuru kwa vidole vyako, pua yako na ukali wako. Pumzika sasa, na ukae salama na walio wako. Ijumaa nitakubebea begi hadi getini, na Jumatatu nitakapopita mbele ya chumba chako kitupu, nitapiga hodi.